Lugha ya Heshima katika Huduma za Virusi vya UKIMWI: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Mtumishi wa afya afundishwapo kazi ya virusi vya UKIMWI, hufundishwa mambo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya utaalamu: kupima damu, kutoa dawa, kusoma majibu ya maabara, kumkinga mtoto asiambukizwe na mamaye. Ya pili ni ya mwenendo: kumheshimu mgonjwa, kutomtenga, kuitunza siri yake. Mambo ya utaalamu yana vipimo vyake, na mwanafunzi akikosea huonyeshwa mahali alipokosea. Yale ya mwenendo aghalabu hutolewa kama maonyo tu, na mtumishi mwema akishayakubali hutoka darasani asijue ni wapi hasa, katika kazi yake ya kila siku, heshima huvunjika. Makala haya yakusudia kuonyesha ya kwamba mara nyingi huvunjika katika sentensi, tena sentensi ya mtu asiye na nia mbaya. Na kwamba Kiswahili chenyewe, kwa ngeli zake na minyambuliko ya vitenzi vyake, chaweza kufundishwa kwa watumishi hao kama chombo cha kazi. Mfano uliochaguliwa ni wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa sababu huko maradhi haya yamepewa majina kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, na Kiswahili cha hospitali hukutana na lugha nyingine kila siku.

Yafaa kuanza na neno unyanyapaa. Kitenzi kunyanyapaa chahusu kwanza mwili: ni kujitenga na kitu kwa kinyaa, kama mtu akwepavyo kidonda au harufu. Mtumishi wa leo ajua kwamba virusi hivi haviambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kukaa pamoja, na hivyo hamkwepi mgonjwa kwa mwili. Kwa sababu hiyo hujiona hana unyanyapaa. Lakini mtu aweza kumshika mgonjwa kwa mikono miwili, na papo hapo akamsukuma mbali kwa neno moja.

Nchi na habari yake

Wilaya ya Kyerwa iliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Karagwe, na hata leo wilaya hizi mbili zina mengi ya pamoja. Wenyeji wake wengi ni Wanyambo. Lugha yao, Kinyambo, ni jirani wa karibu wa Kihaya na Kinyankole; sarufi yake iliandikwa na Josephat Rugemalira na kuchapishwa mwaka 2005. Nchi hizi zapakana na Rwanda na Uganda, na huko Murongo watu huvuka kwenda na kurudi kwa biashara na kwa udugu. Kazi kubwa ni kilimo cha ndizi na kahawa, na Kyerwa kuna machimbo ya bati. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya hospitali, na watumishi wa afya hupangiwa kazi huko kutoka kila pembe ya Tanzania.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliothibitishwa nchini Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa damu uliofanywa mkoani humo mwaka 1987 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wazima, waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 24.2 katika mji wa Bukoba na asilimia 4.5 katika Karagwe. Wakati huo hapakuwa na dawa. Mpango wa taifa wa kutoa dawa ulianza mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila aonekanaye kuwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja adhoofike.

Hali ya sasa yaonekana katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023. Miongoni mwa watu wazima wenye virusi, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya hao waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa; na kati ya waliotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa na virusi vilivyofubazwa. Tarakimu hizo zataka kutazamwa kwa makini. Mtu akishaingia, dawa hufanya kazi yake. Walio wengi kati ya waliokosa msaada ni wale ambao hawajaufikia mlango. Wala mlango wa zahanati si mbao na bawaba tu. Ni pamoja na yale ambayo jirani alisimulia kwamba aliambiwa humo ndani.

Majina ya maradhi

Katika miaka ya mwanzo maradhi haya yaliitwa Juliana katika sehemu za Kagera, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanya biashara kutoka Uganda baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979. Jina hilo lilibeba hukumu: lilimaanisha kwamba aliyeugua alitamani nguo na fedha za magendo, naye amelipwa. Jina jingine, silimu, lilitoka Uganda pamoja na wasafiri. Asili yake ni neno la Kiingereza la wembamba, nalo laeleza tu kile ambacho jicho liliona. Baadaye mitaani yakazuka mafumbo ya Kiswahili: kuna asemaye fulani ana ngoma, na kuna asemaye amekanyaga miwaya. Mafumbo haya yana jambo moja la pamoja, nalo ni kuwawezesha watu kumsema mgonjwa mbele yake bila yeye kuwa na haki ya kujibu.

Jina la kitaalamu, UKIMWI, liliundwa vizuri. Laanza kwa u- na hivyo limeingia bila taabu katika ngeli ya ugonjwa, ukoma na utapiamlo. Hata hivyo lina mashaka mawili ambayo mtumishi apaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba wengine hulifasiri kuwa Upungufu wa Kinga Mwilini, na wengine Ukosefu wa Kinga Mwilini. Maneno haya hayako sawa. Kilichopungua chaweza kuongezwa, kilichokosekana hakipo. Kwa hali ilivyo leo, ambapo dawa hurudisha kinga, upungufu ndilo neno la kweli zaidi.

Shaka la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Kwa Kiingereza jina la virusi na jina la maradhi ni mbalimbali, na jina la virusi halitaji maradhi. Kwa Kiswahili virusi huitwa virusi vya UKIMWI, kwa kifupi VVU. Hivyo mtu aambiwaye kwamba ana virusi vya UKIMWI husikia neno la mwisho zaidi ya yote, na hutoka akiamini kwamba ameambiwa ana UKIMWI. Kasoro hii haitokani na mtumishi, ni ya istilahi. Lakini ni mtumishi awezaye kuitibu, kwa kuongeza sentensi moja kila mara: kuwa na virusi si kuwa na UKIMWI, na mtumiaji mzuri wa dawa aweza asiufikie UKIMWI maisha yake yote.

Upande wa dawa Kiswahili kimefanya vyema zaidi. Hapo kwanza zilisemwa kuwa ni dawa za kurefusha maisha, maneno ambayo kwa nia njema yalimwambia mtu kwamba maisha yake yamekwisha kuwa mafupi. Siku hizi husemwa dawa za kufubaza virusi. Kufubaa ni kupoteza ung'avu, kama rangi ya kitambaa kilichokaa juani. Neno hili humwachia mgonjwa uzima wake, likaelekeza nguvu ya dawa kwa kirusi. Tena laeleza kwa urahisi jambo ambalo sasa limethibitishwa na wataalamu: mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hata havionekani katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Habari hii yafaa isemwe kwa uwazi kwa wake na waume, kwa maana huondoa hofu kuliko hotuba nyingi.

Majina ya watu

Kwa miaka mingi neno lililotumika katika magazeti na mikutano lilikuwa mwathirika. Latoka katika kuathirika, chenye kiambishi -ik- cha kutendeka, kama kuvunjika na kuharibika. Kiambishi hicho chaonyesha hali iliyokwisha kukamilika, bila kumtaja mtenda na bila kuacha nafasi ya mtendwa kufanya lolote. Waathirika wa mafuriko wangoja msaada. Hawaulizwi mawazo yao. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mwaka ule ule wa 1983, wagonjwa walipothibitishwa Kagera, kundi la wagonjwa wa UKIMWI lilikutana katika mji wa Denver, Marekani, likatoa tamko la kukataa kuitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo, likataka waitwe watu wenye UKIMWI. Kiswahili kilichukua miaka mingi kabla ya kufuata, na leo istilahi ya serikali ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kifupi WAVIU.

Mabadiliko haya si mageni katika Kiswahili. Lugha iliwaweka kipofu, kiziwi na kilema katika umbo la ki-, ambalo kwa desturi ni la vitu, ingawa upatanisho wa sentensi uliwarudishia utu wao: husemwa kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Baadaye kilema akawa mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Zeruzeru hali kadhalika akawa mtu mwenye ualbino. Kila mara njia ni ile ile: mtu hutajwa kwanza, hali yake hufuata.

Ngeli huonyesha pia mwendo wa kinyume, na hapa mfano ulio bora ni mteja. Katika matumizi ya zamani mteja alikuwa pia mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga, na sasa ndilo jina la heshima la mtu anayehudumiwa katika kliniki. Ukiondoa m- hubaki teja, yaani mtu atumiaye dawa za kulevya, na wingi wake ni mateja. Shina ni moja. Kilichoondolewa ni kiambishi cha utu. Yatakiwa tahadhari hapa, kwa kuwa umbo la ma- peke yake si tusi: madaktari na makarani hawakudharauliwa nalo. Dharau imo katika kumvua mtu m- aliyokuwa nayo. Wanawake wafanyao biashara ya ngono nao walipewa jina la samaki, changudoa. Hawa, na wale watumiao dawa za kulevya, ndio ambao huduma za kinga zawahitaji mno. Nao hawatafika kwa mtu ambaye katika mazungumzo yake amewahesabu kuwa samaki.

Liko jina moja ambalo limeenea ndani ya kliniki zenyewe, nalo ni mtoro. Mtu aliyekosa tarehe za dawa huitwa mtoro, na kazi ya kumwendea huitwa kutafuta watoro. Wasomaji wa historia ya pwani wanajua watoro walikuwa nani: ni watumwa waliowatoroka mabwana zao katika karne ya 19, wakajijengea vijiji vyao, kama Fuladoyo. Tangu hapo neno limepita jeshini na shuleni, na kila lilipopita limehitaji bwana, mlinzi na adhabu. Mkulima wa Kyerwa aliyekosa kufika kwa kuwa kahawa ilikuwa shambani, au aliyekuwa ng'ambo ya mto kwa msiba, akisikia kwamba ametafutwa kama mtoro, hurudi kama mtoro arudivyo, yaani kwa woga, au harudi kabisa. Kusema aliyekosa kufika kwatosha, wala hakuna taarifa ya kitabibu inayopotea.

Vitenzi vya kliniki

Mafunzo mengi hubadili majina na kuacha vitenzi, ilhali vitenzi ndivyo visemavyo nani amefanya nini. Husemwa, kwa mfano, kwamba mtu amekutwa na virusi. Kukutwa na ni lugha ya polisi: mtu hukutwa na mali ya wizi au na bangi. Kipimo kimeonyesha kwamba una virusi ni sentensi ndefu kidogo, lakini ndani yake mtenda ni kipimo, na mtu hakushikwa.

Dawa zisipofanya kazi, husikika kwamba mgonjwa amefeli dawa. Sentensi hii imegeuza mambo. Iliyoshindwa ni dawa, pengine kwa sababu virusi vimeizoea. Mgonjwa hakufanya mtihani. Hata pale ambapo sababu ni kuruka siku za kumeza, sentensi hiyo haisaidii kujua kwa nini siku zilirukwa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Kwa nini umeacha dawa? ni swali la hakimu, na jibu lake huwa ni kujitetea au uongo. Ni mambo gani yaliyofanya iwe vigumu kumeza dawa mwezi huu? laitazama safari na njaa, humtazama mume asiyejua na bosi asiyetoa ruhusa, kisha huacha mgonjwa na mtumishi wakiwa upande mmoja. Kiswahili kina kiambishi cha kazi hiyo: kushauri hufanywa na mmoja, kushauriana hufanywa na wawili. Huduma iitwayo ushauri nasaha imechukua jina kutoka umbo la kwanza, lakini kazi yake njema yatokana na umbo la pili.

Barazani, na lugha ya tatu

Maneno yasiyo majina wala vitenzi yaweza kudhuru vile vile. Mtumishi akisimama mlangoni na kuita, "Wale wa dawa zile waje huku," hakutaja maradhi, lakini kila aliyekaa barazani ameelewa. Wale na zile ni vionyeshi vya mbali. Hutenga wagonjwa wachache na wengine wote waliokuja kwa homa na kikohozi. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI yakataza unyanyapaa na yaagiza siri ya mgonjwa itunzwe, na siri huweza kutoka kwa kionyeshi kama itokavyo kwa faili lililoachwa wazi. Kuita mtu kwa namba yake, au Mama, Baba, Mzee, Bibi, kwa adabu ile ile atumiayo kila aliyefika siku hiyo, kwaondoa tofauti.

Jambo lihusulo Karagwe na Kyerwa kwa namna ya pekee ni lugha ya tatu. Mwanamke mzee wa kijijini aweza kujua Kiswahili cha soko, asijue Kiswahili cha kinga na maambukizi. Mtumishi aliyetoka Mbeya au Tanga hajui Kinyambo. Hapo huitwa mkalimani, naye huwa binti wa mgonjwa, au mkwewe, au mfagiaji wa zahanati. Siri imekwisha kupita kwa mtu wa tatu kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Tena mkalimani asiyefundishwa huchukua neno lililo karibu, na lililo karibu ni silimu, pamoja na hukumu zake zote za miaka ya 1980. Hivyo kazi nzuri ya mtumishi katika Kiswahili yaweza kubatilika katika tafsiri.

Dawa ya jambo hili ni kuwafundisha wakalimani pamoja na watumishi, na walio bora kwa kazi hiyo ni WAVIU washauri, yaani wale waishio na virusi ambao wamefundishwa kuwasaidia wenzao. Hao wajua lugha ya mahali, na wajua ni neno gani huuma. Mapema mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za UKIMWI zilizotegemea fedha hizo ziliyumba katika Afrika ya Mashariki. Kazi za watu wa namna hii ndizo rahisi kukatwa, kwa sababu hazionekani katika hesabu ya dawa na vitendanishi.

Pingamizi mbili

Wako wasemao kwamba maneno laini huficha hatari, na kwamba watu wakiacha kuogopa wataacha kujikinga. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama hofu ingewaleta watu kupimwa. Lakini mtu akiogopa maradhi hujikinga, na akiogopa watu hujificha. Unyanyapaa ni hofu ya pili. Sentensi zilizopendekezwa hapo juu hazikupunguza ukweli wowote. Kipimo kimeonyesha kwamba una virusi ni habari nzito kama ilivyokuwa, ila haina shtaka.

Pingamizi la pili ni la wanalugha wenyewe, nalo ni la haki. Neno jipya likikaa mahali penye dharau huchafuka kama la kwanza. Mteja alizaa teja, na hakuna kizuizi kwamba WAVIU, ambalo ni kifupisho cha ofisini, lisije likasemwa kwa kejeli, "wale Waviu." Kwa hiyo kuwapa watumishi orodha ya maneno mema na maneno mabaya, wayakariri kisha waende, ni kazi ya muda mfupi. Kinachodumu ni kuwazoeza kusikia: kujiuliza katika kila sentensi nani ni mtenda, mtu ametajwa kabla ya hali yake au baada, na kama jina lahitajika hata kidogo. Mara nyingi halihitajiki. Mtu aliye mbele ya mtumishi ni wewe, naye huyo wewe hana haja ya kuitwa kwa maradhi yake.

Namna ya kufundisha

Mafunzo ya namna hii hayahitaji vyombo vya gharama. Watumishi waweza kuandika, bila majina ya watu, sentensi wanazozisema hasa katika siku moja ya kliniki, kisha wakazichambua kwa maswali matatu yaliyotajwa. Waweza kufanya igizo, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mtumishi, kwanza kwa Kiswahili na halafu kwa Kinyambo, ili waone ni wapi tafsiri yaleta neno la zamani. Wafundishwe wote wanaokutana na mgonjwa: mlinzi wa langoni, karani wa mafaili, mtoa dawa dirishani, kwa maana mgonjwa husikia sentensi zao kabla ya kumfikia daktari. Wanalugha nao wana deni hapa. Kamusi za tiba hutoa istilahi za ugonjwa na dawa. Ni chache zielezazo jinsi istilahi hiyo isemwavyo kwa mtu aliye nayo mwilini, na zaidi sana katika lugha kama Kinyambo.

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hunukuliwa sana katika mikutano ya UKIMWI, na daima hukumu humwangukia mficha. Yafaa watumishi wa Karagwe na Kyerwa, na wengine wote, waisome kwa upande wa pili pia: maradhi hufichwa mbele ya mtu fulani, kwa sababu ya jambo ambalo mtu huyo alilisema.